Matata Ponyo: waziri mkuu wa tai nyekundu na shamba lililomwangusha

Tarehe 20 Mei 2025, Mahakama ya Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilimhukumu Augustin Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani na mbunge wa Bunge la Taifa, adhabu ya miaka 10 ya kazi ngumu kwa kosa la ubadhirifu wa mali ya umma. Fedha zilizotajwa katika hukumu hiyo zinakaribia dola milioni 245 za Marekani. Gavana wa zamani wa Benki Kuu, Deogratias Mutombo, alipewa miaka 5. Mfanyabiashara wa Afrika Kusini, Christo Grobler, alipewa miaka 5 vilevile, bila yeye mwenyewe kuwapo mahakamani. Matata na Mutombo walikuwa wamekana mashtaka tangu awali, na wakili wa waziri mkuu huyo wa zamani alisema hukumu haikuwa ya haki bali ilisukumwa na siasa.

Habari yenyewe ilipita redioni kwa sentensi tatu au nne, kama zipitavyo habari nyingi za Kinshasa. Lakini safari iliyofikisha shauri hilo kwenye siku ile ya Mei ilichukua takriban miaka minne. Katika muda huo Mahakama ilisema haina mamlaka, kisha ikasema inayo. Seneti nayo ilikataa kumtoa mwenzao, kisha ofisi yake ikamtoa kwa shauri jingine. Mshtakiwa, kwa upande wake, alitoka kuwa seneta, akataka urais, akaishia kuwa mbunge. Anayetaka kuelewa namna jirani yetu huyo mkubwa anavyowawajibisha viongozi wake, au anavyoshindwa kuwawajibisha, hana kisa kinachofundisha zaidi ya hiki.

Mtoto wa Kindu

Matata Ponyo alizaliwa mwaka 1964 huko Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema, kando ya mto Lualaba. Ni mji wa Waswahili wa Kongo, ambako lugha hii iliingia pamoja na misafara ya karne ya 19 na haikuondoka tena. Yeye hakupanda ngazi kwa njia ya jeshi wala ya uasi, kama wengi wa kizazi chake cha viongozi wa mashariki. Alikuwa mchumi, na mwaka 1988 aliingia Benki Kuu. Baadaye akawa mshauri katika Wizara ya Fedha, na kuanzia mwaka 2003 hadi 2010 aliongoza BCECO, ofisi iliyokuwa ikisimamia manunuzi na malipo ya miradi iliyogharamiwa na wafadhili kama Benki ya Dunia. Maana yake ni kwamba kabla ya kujulikana na umma, mtu huyu alikuwa tayari amekaa miaka saba mahali ambapo fedha kubwa za ujenzi wa nchi baada ya vita zilikuwa zikipita.

Mwezi Februari 2010 Rais Joseph Kabila alimteua kuwa waziri wa fedha. Mwaka huohuo, mwezi Julai, Kongo ilifutiwa deni la nje la takriban dola bilioni 12. Mfumuko wa bei, uliokuwa umepita asilimia 50 mwaka 2009, ulishuka hadi karibu asilimia 1 mwaka 2013, na faranga ya Kongo ikakaa miaka kadhaa bila kuyumba, kiasi cha faranga 920 kwa dola moja. Kwa nchi ambayo wazee wake waliwahi kubeba noti kwa mifuko enzi za mwisho za Mobutu, hilo halikuwa jambo dogo.

Jambo lililomfanya ajulikane hadi vijijini, hata hivyo, ni mishahara. Kuanzia mwaka 2011 serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kupitia akaunti za benki. Kabla ya hapo, fedha taslimu zilikuwa zikisafirishwa na wahasibu kutoka ngazi hadi ngazi, na kila ngazi ilijikatia. Mwalimu wa ndani ndani alipata kilichobaki, kama kilibaki. Utaratibu mpya haukuwa mkamilifu: palipokosekana benki, Caritas ya Kanisa Katoliki ilipewa kazi ya kulipa walimu, na wapo waliotembea siku nzima kufuata mshahara. Lakini kwa mara ya kwanza mtumishi alijua kiasi halisi alichoandikiwa.

Mwezi Aprili 2012 aliteuliwa kuwa waziri mkuu. Ndipo ile tai nyekundu, aliyoivaa karibu kila siku, ikawa alama yake, na wanahabari wa Kinshasa wakamwita mtu wa tai nyekundu. Enzi zake zilileta mabasi ya Transco katika jiji kuu na shirika la ndege la Congo Airways. Mwaka 2014 uchumi ulikua kwa kiasi cha asilimia 9. Shirika la Fedha la Kimataifa lilimsifu, ingawa ni shirika hilohilo lililoacha mpango wake wa mikopo ukatike mwishoni mwa mwaka 2012 kwa sababu serikali haikuweka hadharani mkataba mmoja wa madini. Doa hilo halikuzungumzwa sana wakati ule. Takwimu zilikuwa nzuri, na wafadhili hupenda takwimu.

Bukanga-Lonzo

Kongo ina ardhi ya kilimo isiyo na mfano barani, na bado inanunua nje sehemu kubwa ya chakula cha miji yake. Kutokana na aibu hiyo ulizaliwa mpango wa maeneo ya kilimo-viwanda: serikali itoe ardhi na mtaji, kampuni yenye ujuzi iendeshe, mahindi na mboga vilimwe kwa mashine, visagwe na kufungwa papo hapo, kisha visafirishwe Kinshasa na kuuzwa kwa bei ambayo mama wa Kinshasa ataimudu. Eneo la kwanza lilikuwa Bukanga-Lonzo, yapata kilomita 250 kusini-mashariki mwa Kinshasa, lenye ukubwa wa kiasi cha hekta 80,000. Rais Kabila alilizindua mwezi Julai 2014. Mengine zaidi ya 20 yalipaswa kufuata katika nchi nzima.

Mshirika aliyechaguliwa alikuwa Africom Commodities ya Afrika Kusini, kampuni ya Grobler. Chini ya mpango huo zilianzishwa kampuni tatu: moja ya kumiliki eneo, moja ya kuliendesha, na ya tatu ya kujenga soko kubwa la kimataifa la Kinshasa ambamo mazao yangeuzwa. Mtu akiuangalia mpangilio huo kwenye karatasi hauna kasoro. Matrekta yalifika, na picha za mashamba ya mahindi zikazunguka.

Haikupita miaka mitatu. Kufikia mwaka 2017 malipo ya serikali yalikuwa yamesimama na mshirika wa Afrika Kusini amejiondoa, akidai kwamba hakulipwa. Mashine zilibaki porini.

Je, mradi ulikufa kwa sababu fedha ziliibwa, au kwa sababu ulikuwa mbaya tangu mwanzo? Swali hili limegawanya hata wale wasiompenda Matata. Uwanda wa Kwango una udongo wa kichanga, na kilimo cha mahindi kwa kiwango kile kilihitaji gharama kubwa ya mbolea na chokaa mwaka hadi mwaka. Bei za shaba zilianguka mwaka 2015, na mapato ya serikali yakaanguka nazo. Mradi wowote unaotegemea hazina ungeteseka. Matata mwenyewe alishikilia kwamba shamba lilikuwa likienda vizuri hadi alipoondoka madarakani, na kwamba waliomfuata ndio walioliacha life. Aliondoka mwezi Novemba 2016, alipojiuzulu kupisha serikali ya Samy Badibanga kufuatia mazungumzo ya kisiasa ya mwaka huo.

Jibu la kwanza rasmi lilitolewa mwaka 2020 na Ukaguzi Mkuu wa Fedha, unaojulikana kwa herufi za Kifaransa kama IGF, ofisi iliyo chini ya Urais na ambayo wakati huo iliongozwa na Jules Alingete. Ripoti yake ilisema kwamba serikali ilitoa dola milioni 285 kwa ajili ya Bukanga-Lonzo, na kwamba kiasi cha milioni 205 kati ya hizo hakikufika kwenye kazi iliyokusudiwa. Wakaguzi walizungumzia mkandarasi aliyepewa kazi bila zabuni ya ushindani, vifaa vilivyoandikiwa bei kubwa kupita thamani yake, na fedha zilizolipwa katika akaunti za nchi za nje. Aliyetajwa kuwa ndiye hasa aliyeubuni mpango mzima ni Matata Ponyo.

Kinga ya seneta

Lakini kufikia wakati huo hakuwa raia wa kawaida. Mwaka 2019 baraza la jimbo la Maniema lilimchagua kuwa seneta, maana nchini Kongo maseneta huchaguliwa na mabaraza ya majimbo, si na wananchi moja kwa moja. Kiti hicho kilimpa kinga.

Kinga ya wabunge wa Kongo imeandikwa katika ibara ya 107 ya Katiba, na ina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza inahusu maoni na kura: mbunge hashtakiwi kwa alichosema au alivyopiga kura akiwa kazini, basi. Ya pili inahusu makosa mengine yote. Hapo mbunge anaweza kushtakiwa, lakini kwanza baraza lake litoe idhini, isipokuwa amekamatwa akitenda kosa lenyewe. Wakati wa kikao idhini hutolewa na baraza zima. Nje ya kikao, ofisi ya uongozi wa baraza inatosha kuidhinisha akamatwe. Tofauti hii ndogo ya kalenda ndiyo iliyoamua mambo.

Mwezi Juni 2021 mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Katiba aliiomba Seneti imwondolee Matata kinga kwa ajili ya Bukanga-Lonzo. Maseneta walikaa, wakapiga kura, wakakataa. Wiki chache baadaye kikao kilipokuwa kimefungwa, ombi la pili, lililohusu fidia za watu walionyang'anywa mali wakati wa sera ya Mobutu ya kuzaireisha uchumi, lilifika mbele ya ofisi ya Seneti peke yake. Ofisi ikakubali. Matata akafikishwa mbele ya mwendesha mashtaka na kuwekwa chini ya ulinzi nyumbani kwake kwa muda mfupi. Wafuasi wake walisema mlango uliofungwa na baraza umefunguliwa kwa dirisha. Wapinzani wake waliuliza maseneta waliokataa walikuwa wakimlinda nani hasa.

Mahakama iliyosema mara mbili

Mahakama ya Katiba ina majaji tisa. Pamoja na kazi yake ya kulinda Katiba, ndiyo hakimu wa jinai wa Rais wa Jamhuri na wa waziri mkuu kwa makosa yaliyotendwa katika kazi zao. Katiba inadai kwamba uamuzi wa kumshtaki mmoja wao upitishwe na theluthi mbili za wajumbe wa mabaraza yote mawili yakiketi kwa pamoja. Waandishi wa Katiba walimfikiria kiongozi aliyeko madarakani, na hawakusema wazi itakuwaje kwa aliyekwisha kuondoka.

Tarehe 15 Novemba 2021, ikiongozwa na jaji Dieudonné Kaluba, Mahakama ilijibu kwamba haina mamlaka ya kumhukumu mtu ambaye si waziri mkuu tena. Matata alitoka akiwa huru, na wengi waliona shauri limekwisha.

Halikwisha. Mwaka uliofuata jaji Kaluba aliondoka Mahakamani kwa kura ya bahati nasibu inayotumika kubadilisha theluthi ya majaji kila baada ya miaka mitatu, na nafasi ya rais wa Mahakama ikachukuliwa na Dieudonné Kamuleta. Shauri lilikuwa limepelekwa Cour de cassation, mahakama ya juu kwa mashauri ya kawaida, ambayo nayo ilirudisha suala la mamlaka kwa majaji wa Katiba ili walitolee tafsiri. Tarehe 18 Novemba 2022, takriban mwaka mmoja baada ya uamuzi wa kwanza, Mahakama ileile ilisema kinyume chake: ndiyo hakimu halali wa waziri mkuu wa zamani kwa matendo ya wakati wa madaraka yake.

Kisheria, mahakama yaweza kubadili tafsiri yake, na hoja ya pili haikuwa dhaifu. Kama waziri mkuu wa zamani hahukumiwi hapo, na mahakama za kawaida hazina nguvu juu ya matendo aliyoyafanya akiwa waziri mkuu, basi anabaki bila hakimu duniani. Hata hivyo, kubadili kauli katika shauri la mtu yuleyule, baada ya kumwachia, ni jambo ambalo mawakili wake hawakuacha kulitaja hadi mwisho.

Kilichotokea katikati ya maamuzi hayo mawili pia hakiwezi kuachwa. Mwezi Mei 2022 Matata alitangaza kwamba atagombea urais wa mwaka 2023, na akaunda chama chake, Uongozi na Utawala kwa Maendeleo, kijulikanacho kama LGD. Anayemwamini husema shauri lilifufuliwa kwa sababu ya tangazo hilo. Asiyemwamini husema tangazo lilitolewa kwa sababu ya shauri, kwa kuwa mgombea urais akishtakiwa ni rahisi kulia siasa. Mfuatano wa tarehe unaruhusu masomo yote mawili. Mwezi Novemba 2023 alijitoa katika kinyang'anyiro na kumuunga mkono Moïse Katumbi, na katika uchaguzi wa Desemba akapata kiti cha ubunge wa taifa kutoka Kindu. Kutoka Seneti, akarudi kwenye kinga kwa mlango mwingine.

Aprili na Mei 2025

Safari hii Mahakama haikuomba idhini mpya. Mwezi Aprili 2025 uongozi wa Bunge la Taifa ulilalamika kwamba mbunge anahukumiwa bila Bunge kumwondolea kinga. Majaji walijibu kwamba mashtaka yalianza kabla hajawa mbunge, kwa hiyo idhini haihitajiki.

Aliyeketi kwenye kiti cha spika wakati huo alikuwa Vital Kamerhe, na hapa msomaji wa eneo letu atakumbuka mengi. Kamerhe, mwanasiasa wa Bukavu, alihukumiwa mwezi Juni 2020 miaka 20 ya kazi ngumu kwa kosa hilohilo la ubadhirifu, safari hiyo kuhusu nyumba za bei nafuu katika mpango wa siku 100 wa Rais Félix Tshisekedi. Kiasi kilichotajwa kilikuwa karibu dola milioni 50. Mwishoni mwa mwaka 2021 alitoka gerezani kwa muda, mwezi Juni 2022 akaachiwa huru kabisa na mahakama ya rufaa, mwaka 2023 akawa naibu waziri mkuu, na mwezi Mei 2024 wabunge wakamkabidhi nyundo ya spika.

Tofauti ya visa hivyo viwili si ukubwa wa fedha tu. Kamerhe alihukumiwa katika mahakama za kawaida, na hivyo alikuwa na ngazi za kukata rufaa, ambazo hatimaye zilimwokoa. Matata alihukumiwa na Mahakama ya Katiba, na ibara ya 168 inasema maamuzi yake hayakatiwi rufaa kwa njia yoyote. Cheo kilichompa hakimu wa heshima ndicho kilichomnyima hakimu wa pili. Mbali na miaka 10, alizuiwa kushika kazi za umma kwa miaka 5 zaidi baada ya kuimaliza adhabu. Na kwa mujibu wa ibara ya 110, mbunge aliyehukumiwa kifungo kwa kosa la makusudi, bila njia ya rufaa kubaki, hupoteza kiti chake.

Huko Kindu, chuo kikuu alichokianzisha bado kinaitwa Mapon, jina la tatu la mwasisi wake. Upande wa pili wa nchi, eneo la Bukanga-Lonzo halijawahi kuilisha Kinshasa kama lilivyokusudiwa, katika taifa ambalo mashirika ya chakula yanahesabu zaidi ya watu milioni 25 wasio na uhakika wa mlo.

Siku mbili baada ya hukumu hiyo, tarehe 22 Mei 2025, Seneti, yenye maseneta wa awamu mpya, ilipiga kura kuhusu kinga ya mtu mwingine: Joseph Kabila, seneta wa maisha kwa kuwa rais wa zamani, ndiye aliyekata utepe wa Bukanga-Lonzo mwaka 2014. Mashtaka yake hayakuhusu shamba wala fedha, bali uhaini na madai ya kuwaunga mkono waasi wa M23. Mara hii kura ya ndiyo ilishinda kwa wingi mkubwa.